Masikio Nayo Yanasoma, Ati!

Huku Tunduma tupo, vumbi letu lipo na malori yetu yapo kama kawaida. Wiki hii naomba tuweke kando mitindo ya nywele na wapenzi wasiojibu meseji, tuzungumze vitabu. Hee, usifunue ukurasa kwanza! Sina mpango wa kukufundisha. Nataka tu kukupa maoni yangu kuhusu hadithi nilizosoma na nilizosikiliza miezi ya karibuni: ipi bomba, ipi kimeo, na ipi iliyoleta kasheshe nyumbani kwetu.

Naanza na ubishi ambao kila nikiutaja vijiweni unawasha moto. Mtu akisikiliza riwaya kwenye simu mwanzo hadi mwisho, je, ana haki ya kusema ameisoma? Wapo wanaosema hana. Eti kusikiliza ni uvivu, sawa na mtu mzima kutafuniwa chakula. Eti kitabu lazima ukishike, ukunje kona ya ukurasa, ulale nacho kifuani. Mimi nawaambia hivi: masikio nayo yanasoma, ati! Tena siku nyingine yanasoma vizuri kuliko macho, maana macho yanajua kuruka mistari.

Hebu tazama maisha ya huku. Mkoa wetu wa Songwe wenyewe bado mbichi, umezaliwa 2016 ulipomegwa kutoka Mbeya. Maduka ya vitabu ninayoyajua mimi hapa mjini yanauza madaftari, rula, na vile vitabu vya mtihani. Ukitaka riwaya ya kujifurahisha unaagiza kwa mtu anayekwenda Mbeya, kama kilomita 100 hivi, au Dar kabisa. Halafu watu wenyewe wako kazini kutwa. Anayekaanga chipsi, anayesuka nywele, anayebadilisha kwacha na shilingi pale mpakani, wote mikono yao ina kazi na macho yao yana kazi. Kilichobaki bila kazi ni masikio tu.

Na madereva je? Lori linalokwenda Zambia au Kongo likikamatwa na foleni, dereva na tandiboi wake hawana pa kwenda. Ukipita jioni kando ya yale malori utasikia simu zinavyosimulia. Huku mpelelezi anafukuzana na majambazi, kule mke kamfumania mume, mbele kidogo mtu anafufuka kaburini. Mtaa mzima unasoma riwaya na hakuna aliyeshika kitabu hata mmoja.

TULIANZA ZAMANI

Wanaodhani jambo hili limeletwa na simu za kupapasa wamechelewa. Waulize kaka zetu wakubwa magazeti kama hili yalivyosomwa miaka ya 90. Mmoja ananunua, kijiwe kizima kinasikiliza. Hadithi inafika mahali binti kafungua mlango kakuta damu sakafuni, halafu chini pameandikwa ITAENDELEA WIKI IJAYO. Kha! Watu walikuwa wanalala na kiu siku saba. Walionunua gazeti ni wachache, lakini kila mtu aliijua hadithi.

Na redio nayo. Mwaka 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo ulioitwa Twende na Wakati. Mhusika aliyevuma kupita wote alikuwa Mkwaju, dereva wa lori, mlevi na mpenda wanawake, ambaye tabia zake zilimfikisha kwenye UKIMWI. Mkewe Tunu alianza kama mwanamke wa kuvumilia kila kitu, mwisho akasimama kwa miguu yake na kufungua biashara ndogo.

Sasa sikiliza hili. Kuanzia 1993 hadi 1995 mtambo wa Dodoma haukurusha mchezo huo. Ilifanywa makusudi, ili watafiti walinganishe. Walipolinganisha wakakuta kwamba sehemu zilizousikia, watu walikuwa wamebadilika zaidi katika uzazi wa mpango na kujikinga na ugonjwa. Watu walisikiliza hadithi wakabadilisha mambo ya chumbani! Halafu mtu anakwambia kusikiliza ni uvivu.

Ila na mimi nina ugomvi wangu na Mkwaju. Tangu aje, kila dereva wa lori kwenye hadithi ni Mkwaju, na kila mji wa malori ni mji wa dhambi. Ukienda mbali ukasema unatoka Tunduma, watu wanacheka cheko fulani hivi, na wewe msichana ndiyo kabisa, unaonekana umetokea gesti. Jamani! Wapo akina Mkwaju, sikatai. Lakini madereva wengi ninaowaona mimi, foleni ikiwaganda, wanapiga simu nyumbani kuuliza mtoto amekula nini na ada imebaki kiasi gani. Huyo dereva bado sijamkuta kwenye riwaya. Na huu mji ambao ukivuka hatua chache kuingia Nakonde saa yako inarudi nyuma saa 1 nzima, bado sijaukuta kwenye riwaya vilevile. Mwandishi gani anaacha mji wa namna hiyo?

HAYA, TUTOE ALAMA

Tuanze na wakongwe wa upelelezi. Wiki mbili nimekaa na Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, iliyotoka 1974. Willy Gamba anatumwa Nairobi kufuatilia siri za wapigania uhuru zilizoibiwa, na kuanzia hapo ni mbio, risasi na mahoteli. Hiki kitabu kina mbio kama kiliandikwa kwa ajili ya masikio. Nilimsomea kwa sauti jirani yangu mmoja akiwa anashona cherehani, akasahau nguo ya mteja. Ninachomlaumu Willy ni kimoja: kila msichana anayekutana naye ni mrembo kuzidi wa jana yake, na wote wanamzimia hapo hapo. Kaka, hata bodaboda wetu wanaojipulizia manukato hawana zali la namna hiyo. Nampa nane kwa kumi.

Kisha kuna Ben Mtobwa, aliyefariki 2008, baba yake Joram Kiango. Ukiniambia nichague kati ya Willy na Joram, namchukua Joram, maana Joram ana utundu, anaudhi, na hujui kesho ataamka vipi. Lakini kitabu cha Mtobwa kilichonishika zaidi si cha Joram. Ni Dar es Salaam Usiku. Humo ndani jiji linakaa uchi: wenye pesa, wasio na pesa, na wanaouza miili yao ili wawe nazo. Nilikisoma usiku, malori yakinguruma nje, nikaona mbona hata Tunduma usiku inaweza kuandikwa hivi hivi. Tisa kwa kumi, na iliyobaki naiweka akiba.

Kwa wale wanaopenda kuumiza kichwa taratibu, kuna Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale kilichapishwa 1960, kabla mama zetu wengi hawajazaliwa. Bwana Msa na kiko chake hana haraka wala bastola, kazi yake kufikiri, na rafiki yake Najum anamfuata nyuma akishangaa kama wewe na mimi. Sasa tatizo la watu wa bara ni Kiswahili chake. Kile ni Kiswahili cha Unguja chenyewe, kitamu, chenye vikolombwezo. Nilipokisoma kwa macho nilijikwaa kila baada ya mistari mitatu. Nikampa kitabu dada mmoja mzaliwa wa Zanzibar aliyeolewa hapa kwetu, anisomee kurasa chache. Weee! Maneno yale yale yaliyonipa taabu yakawa yanateleza kama mlenda. Kumbe kuna vitabu vinataka kinywa cha kwao. Nane kwa kumi, kumi ukipata msomaji wa pwani.

Tukiwa visiwani humo humo, nimemaliza Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka 1999. Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa kwa mzee Raza ambaye angeweza kuwa baba yake. Anachomoka, anakutana na Denge, kijana aliyejitosa kupambana na Waingereza. Amil Shivji alikitengenezea filamu iliyoonyeshwa Toronto 2021. Filamu ina rangi na muziki wa kukaa moyoni. Kitabu kina Mwajuma, shoga yake Yasmin, na Mwajuma wa kwenye kurasa anakuachia nafasi ya kumpa sauti unayotaka. Kwenye uaminifu wa shoga kwa shoga sijasoma kingine kinachokizidi. Tisa.

Halafu kipo cha yule mzee wetu aliyechukua Nobel 2021, Abdulrazak Gurnah. Riwaya yake Paradise ya 1994 ilitoka kwa Kiswahili 2022 kwa jina la Peponi, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Niliogopa kidogo, nikijua Nobel ni mambo ya maprofesa. Hakuna. Ni hadithi ya kijana Yusuf ambaye baba yake ana deni, na deni linalipwa kwa kumtoa mtoto kwa tajiri. Tajiri anafanya biashara ya misafara ya kwenda bara. Mtu wa Tunduma akisoma misafara ile haambiwi kitu: ndiyo malori ya wakati huo, yenye mizigo, ushuru, magonjwa, na vijana waliotolewa makwao wakiwa wadogo. Hapa mjini tunao akina Yusuf, wanasukuma mikokoteni, nao ukiwauliza wametokaje kwao wanaangalia pembeni. Kitabu kinakwenda polepole, ndiyo. Ukikisikiliza huku unakaanga samaki kitakupita. Hiki kaa nacho. Tisa kwa kumi.

VYA SHULE NA VISIVYOSIKILIZIKA

Lazima niseme neno kuhusu vile vya mtihani, maana ndivyo vilivyotufanya wengi tuikimbie riwaya. Shuleni hatukusoma hadithi, tulisoma majibu. "Jadili dhamira tano", "onyesha usawiri wa wahusika", na wengine walimaliza kidato cha nne kwa kukariri uchambuzi bila kukigusa kitabu chenyewe. Chukua Joka la Mdimu ya A. J. Safari. Humo kuna tajiri anaitwa Brown Kwacha. Nenda kalitamke jina hilo mpakani kwetu uone watu watakavyocheka! Lakini darasani Kwacha alikuwa "dhamira ya rushwa", basi, hakuna kucheka. Juzi nimekisoma tena bila mtihani mbele yangu, nikakuta ni hadithi ya kusisimua kabisa. Ushauri wangu: kama umemaliza shule, rudia kimoja tu katika vile ulivyovichukia.

Na upande wa pili, kuna vitabu havisikiliziki hata ukilipwa. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya 1990, ni kitabu chembamba, ukikiona unadhani utakimaliza kabla chai haijapoa. Thubutu! Kila ukurasa una fumbo, na fumbo lina mtoto. Hicho kinataka macho, kinataka kurudi nyuma, kinataka kufunga kitabu na kuangalia dari. Mimi na Nagona tumeachana kwa amani, tutaonana nikiwa mtu mzima.

KEROO

Sasa tugeukie simulizi za kwenye simu. Nazisikiliza sana, kwa hiyo nina haki ya kulalamika. Kwanza, muziki. Msimuliaji anatuambia mama amefiwa, nyuma kinanda kinapiga kelele kumzidi mama mwenyewe. Pili, sauti moja kwa watu wote: bibi kizee, jambazi na mtoto wa miaka sita wanaongea kama mtangazaji wa mpira. Tatu, matangazo. Kisu kiko shingoni, unashika roho, ghafla mtu anakuuliza kama una mvuto hafifu katika mapenzi akupe dawa. Aka!

Lakini kero kubwa kuliko zote ni wizi. Mtu anachukua riwaya ya mwenzake, anaisoma kwenye simu yake, anairusha, na jina la mwandishi halitaji hata kwa bahati mbaya. Mwandishi alikesha mwaka mzima, hapati hata nauli. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999 na COSOTA wapo. Ila sisi wasikilizaji nasi tuna sehemu yetu. Wapo waandishi wanaouza kazi zao wenyewe kwa simu, kipande kwa kipande, na unalipa palepale kwa simu. Buku linalokwenda kwenye soda linatosha kumlipa mtu aliyekufanya usahau foleni ya saa sita. Msimuliaji asiyemtaja mwandishi, mimi namfuta. Haijalishi ana sauti nzuri kiasi gani.

KILICHOLETA KASHESHE

Nilikuahidi kasheshe, haya vuta kiti. Mama yangu mdogo ni mama ntilie, anauza wali na maharage jirani na maegesho ya malori. Shule aliishia la saba, herufi ndogo zinamcheza machoni, na maishani mwake hakuwahi kumaliza riwaya. Jioni akiwa anachambua mchele wa kesho, mimi humsomea. Tulianza na Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, kwa sababu alipenda jina. Akina Peter na Zita walipofukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, akaacha mchele akaanza kupiga hesabu ya biashara ya mama yao kwa vidole. "Huyu anapika vizuri lakini hajui kubana," akasema. "Na mwanaume mwenyewe ndiye shimo la pesa." Mwalimu wangu wa kidato cha tatu alitumia wiki mbili kutufikisha hapo.

Baada ya hapo nikaleta Rosa Mistika, ya Kezilahabi huyo huyo wa Nagona, iliyotoka 1971. Hiki hakina mafumbo, kinakupiga usoni. Kilipotoka kilipigwa marufuku mashuleni, na leo kinahesabiwa kati ya riwaya kubwa za Kiswahili. Msichana wa Ukerewe anapata barua ya mvulana, baba yake, Zakaria, anamchapa kipigo cha mbwa mwizi. Binti anakua akiwaogopa wanaume kama ukoma, halafu anakwenda chuoni mbali na macho ya baba.

Sasa ujue kwamba wiki hiyo hiyo nyumbani kulikuwa na kesi. Binti yake mama mdogo, yuko kidato cha tatu, alikutwa na kitochi kimefichwa kwenye begi la shule, ndani yake mna meseji za mvulana. Mama mdogo alikichukua kitochi, akakifungia kwenye sanduku, akapeleka salamu Ileje kwa kaka zake waje Jumapili. Wajomba wakija kwa shughuli ya namna hiyo hawaji mikono mitupu. Binti akawa anatembea ukutani, hali vizuri, hasemi na mtu.

Nilipofika Zakaria anapomchapa Rosa, mama mdogo akapiga paja. "Safi sana baba Rosa! Hivyo hivyo!" Mimi kimya, nikasoma mbele. Jioni ya pili Rosa yuko chuoni, mambo yanaanza kuharibika. Mama mdogo hakusema kitu. Jioni ya tatu mambo yameharibika kweli kweli, akanisimamisha.

"Hebu rudia pale mwanzo, pa barua."

Nikarudia.

"Hiyo barua, huyo mvulana alimwandikia jambo baya?"

"Hapana mama mdogo. Barua ya mapenzi tu ya kitoto."

"Na baba mtu hakumuuliza mtoto lolote?"

"Hakumuuliza."

"Wala mama mtu?"

Nikamwambia mama mtu naye alikuwa anapigwa. Akaendelea kuchambua mchele, lakini niliona anatupa mchele na kuacha mawe. Chumba cha pili, nyuma ya pazia, binti alikuwa amelala tangu saa mbili. Kulala gani huko ambako kitanda hakilii hata mara moja?

Mwisho wa Rosa sitakusimulia kama hujakisoma, ila jua kwamba si mwisho wa kupigia vigelegele. Usiku tulipomaliza, mama mdogo alikaa muda na ungo mapajani. Akaniuliza kitabu kiliandikwa lini. Nikamwambia 1971. "Zamani zote hizo," akasema, "na sisi bado tunaita wajomba."

Jumapili wajomba wakaja kweli, na fimbo yao. Wakapikiwa wali na samaki, wakala, wakashiba. Mkubwa akajikohoza, akauliza, haya, huyo mtoto yuko wapi. Mama mdogo akamjibu, "Kaka, nimewaita tusalimiane tu. Siku nyingi hamjaja." Nilitaka kucheka, nikaenda kuosha vyombo.

Walipoondoka akamwita binti yake, akafunga mlango. Niliyoyasikia ni ya mwanzo tu: "Kaa hapo. Huyo kijana anaitwa nani, na kwao ni wapi?" Walikaa ndani zaidi ya saa moja. Usidhani mambo yakawa matamu kama sinema. Kitochi mpaka leo kimefungiwa sandukuni hadi mtihani wa kidato cha nne, na kuna amri ya kurudi nyumbani kabla jua halijazama. Lakini mtoto hakuchapwa, na sasa anakula. Kesho yake alinifuata jikoni akaniomba kitabu. Nikampa. Kimerudi kina kona zimekunjwa mahali pengi, na sikumuuliza kwa nini.

Sasa wewe mtaalamu wa kusema kusikiliza si kusoma, nenda kamweleze mama mdogo kwamba hajaisoma Rosa Mistika. Ila vaa kofia ngumu, maana mwiko wake ni mzito.

KABLA SIJAAGA

Kama umefika mpaka hapa, fanya mambo matatu. La kwanza, mtafute mtu mmoja nyumbani ambaye hawezi au hana muda wa kusoma, umsomee kurasa tano kila siku. Bibi, shangazi, fundi cherehani, dereva aliyekwama, yeyote. Usimchagulie maana ya kitabu, mwache abishane nacho mwenyewe. La pili, ukisikiliza kwenye simu, uliza mwandishi ni nani na umlipe. Ukienda Mbeya kwa shughuli zako, maktaba ya mkoa ipo, pita hata nusu saa.

La tatu ni la vijana wenzangu wa Tunduma, Vwawa, Mlowo na kote Songwe. Tangu 2023 kuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na riwaya imo. Kuna mtu kati yetu anajua usiku wa foleni ulivyo. Anajua harufu ya breki zikiungua, lugha tatu katika sentensi moja, na dereva anayemwimbia mwanawe kwa simu ili alale. Aandike. Mimi niko tayari kuisoma kwa sauti, kando ya malori, bila kinanda.

Mimi sasa hivi nimeanza Kuli ya Adam Shafi, ya 1979, habari za wabeba mizigo wa bandarini. Mama mdogo ameshaniuliza mara mbili kama wale makuli wanakula wapi mchana na kwa bei gani. Nadhani tutakesha.

Haya mpenzi msomaji, kwa leo tuishie hapo. Kama una kitabu kilichowahi kuleta kasheshe nyumbani kwenu, niandikie kupitia gazeti hili hili, nitakitafuta. Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda. Tchao!